Uliza Mjomba: Nyapara yuko juu ya farasi, wewe chini na jembe

Wapwa zangu, habari za huko. Toleo lililopita kuna kijana aliuliza tumbaku ya Marekani ilianzaje, nikamjibu, alafu mwishoni nikachomekea mistari miwili tu kuhusu farasi kwenye yale mashamba ya watumwa kule Virginia na Carolina. Kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka simu ikawa inaganda, na nyingi ni za hukuhuku kwetu, Dodoma mjini, Bahi, Kongwa, Kondoa, sisi ambao farasi wenyewe tunamwona siku ya gwaride akiwa na askari mgongoni basi. Haya, leo ni farasi mwanzo mwisho. Dada aliyeuliza kuhusu ubwiri unga kwenye zabibu anisubirie toleo lijalo, sijamsahau.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Mi niko kidato cha nne, naishi Chang'ombe hapa Dodoma. Kwenye muvi naona farasi kila mahali lakini sijawahi kumwona analima. Sasa kwenye yale mashamba makubwa ya zamani farasi alikuwa na kazi gani hasa, au alikuwa wa mapambo tu?

JIBU: Marahaba mpwa wangu, na umeona kitu. Watu wakisikia shamba kubwa na farasi wanaunganisha haraka haraka, wanamwona farasi yuko kwenye plau. Miaka mingi ya mwanzo haikuwa hivyo kabisa. Waingereza walitua Jamestown mwaka 1607, tumbaku ya kuuza ikaanza kujaribiwa na John Rolfe mwaka 1612, na shamba lilivyoandaliwa ni hivi: mti unachunwa gome kuzunguka shina mpaka unafia palepale umesimama, visiki na magogo vinaachwa, alafu watu wanapita katikati na jembe la mkono wanainua vituta, kila mche na kituta chake. Plau ipite wapi hapo? Jembe tu, kama lile la bibi yako. Mwanzoni mikono iliyoshika jembe ilikuwa zaidi ya vibarua wa mkataba kutoka Uingereza, watu walioweka rehani miaka yao minne mpaka saba ili walipiwe nauli ya meli, na kadiri miaka ilivyosogea ikawa mikono ya Waafrika, ambao wa kwanza kuandikwa Virginia walishushwa Point Comfort mwaka 1619.

Na farasi wenyewe walikuwa wa kuhesabu. Taarifa moja ya 1649 inasema Virginia nzima ilikuwa na kama farasi 200. Nzima! Baadaye wakazaana, wakawa wanaachiwa msituni wajilishe, mpaka kufika mwanzoni mwa miaka ya 1700 vijana wa kule walikuwa wanakwenda kuwinda farasi mwitu kama mchezo.

Kwenye tumbaku, farasi alipata kazi baada ya mavuno. Majani yakishakauka yanashindiliwa kwenye mapipa makubwa ya mbao, na karne ya 18 pipa moja lililojaa lilikuwa kilo 450 hivi, mengine yanapita hapo. Unalifikishaje mtoni kwenye meli? Unalilaza, unalipitishia mti katikati kama ekseli, unafunga farasi au maksai mbele, linaviringika lenyewe kama tairi mpaka gatini. Njia zilizochongwa na hayo mapipa nyingine ni barabara za magari mpaka leo.

Kazi ya kutoka jasho farasi aliipata ngano ilipoingia. Tumbaku inachosha udongo vibaya (waulize Urambo), na bei nayo ilikuwa inawachezea, kwa hiyo miaka ya 1760 George Washington, kabla hajawa rais wala nini, aliachana nayo kwenye mashamba yake ya Mount Vernon akahamia ngano. Ngano inataka plau, inataka haro ya kuvunja mabonge, alafu inataka kupurwa. Sisi uwele tunaupiga kwa fimbo, yeye alitaka farasi wakanyage. Alikuwa na ghala zuri la kupigia ngano kwa mikono, akarudi nyumbani akakuta ngano imetolewa nje na farasi wanaikanyaga kwenye vumbi hatua chache tu kutoka mlangoni, akalalamika kwenye barua weee. Kwa hao farasi alichora ghala jingine la kwao wenyewe, la ghorofa, lenye pande 16 karibu liwe duara. Farasi wanapandishwa juu, wanazunguka wakikanyaga masuke, sakafu ina upenyo mwembamba kati ya ubao na ubao, punje zinadondoka chini mabua yanabaki juu. Alichora 1792, likaisha 1795. Waliogongelea zile mbao ni mafundi watumwa, na wa kuwazungusha farasi juu kule watumwa pia, mchoro tu ndo ulikuwa wa kwake.

Na mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney ilipotokea 1793, zile kubwa zilizungushwa na farasi au nyumbu, mnyama anazunguka nguzo kutwa nzima. Nyumbu nitamfikia, kuna mzee ameuliza.

SWALI: Mjomba eti ni kweli walikula farasi wao? Kuna mtu kabisha hapa kijiweni.

JIBU: Mwambie alipe soda. Majira ya baridi ya 1609 kuamkia 1610 pale Jamestown njaa iliwashika, walikuwa watu karibu 500 wakabaki kama 60. Walianza na farasi, wakaja mbwa na paka, wakaja panya, na mifupa iliyochimbuliwa miaka ya karibuni inaonyesha hawakuishia kwenye panya.

SWALI: Mjomba vipi, mi boda wa Area C. Kama farasi alikuwa halimi sasa kwa nini kila tajiri alikuwa naye, tena wengi? Na nyapara kwa nini asitembee kwa miguu kama wenzake, shamba si liko pale pale?

JIBU: Wewe unafanya kazi Dodoma halafu unaniuliza mimi kwa nini tajiri ana kitu cha kupanda? Simama pale barabarani siku ya Bunge uhesabu V8.

Ndo ilivyokuwa. Farasi wa Virginia alikuwa V8 ya wakati ule. Kuna mchungaji mmoja, Hugh Jones, aliandika mwaka 1724 kwamba karibu kila mtu wa kawaida kule ana farasi, na anawajua watu wanaopoteza asubuhi nzima wakizunguka msituni maili kadhaa wanamtafuta farasi wao wamkamate, ili tu wampande maili mbili au tatu kwenda kanisani au mahakamani. Yaani mtu ametembea kwa miguu mara mbili ya safari yenyewe, lakini kufika lazima afike juu ya farasi. Kila mtu, anaposema, ni kila mtu mweupe huru, hiyo kaa nayo.

Na walikuwa wanachagua kabisa. Kulikuwa na aina inaitwa Narragansett Pacer, inatoka Rhode Island huko kaskazini, mwendo wake laini haukurushi, na mashamba ya Rhode Island yaliyowafuga nayo yalitumia watumwa, alafu farasi wengi wakapakiwa melini kwenda kwenye mashamba ya miwa ya visiwa vya Karibi. Waliuzwa na kuchanganywa na mbegu nyingine mpaka karne ya 19 ile aina ikaisha. Baadaye kule Tennessee na Kentucky wakaendeleza farasi wengine wa kazi hiyohiyo, wa kumbeba mwenye shamba au nyapara kutwa nzima anakagua mistari ya mimea bila kuumia kiuno. Wewe boda utanielewa, walikuwa wanatafuta shokapu.

Sasa kuhusu nyapara. Ukilima umeinama na mtu akaja kwa miguu, mko sawa, ukisimama mnaangaliana usoni. Akija juu ya farasi macho yake yako karibu mita mbili na nusu kutoka chini, anaona juu ya mimea mpaka mstari wa mwisho, anajua nani kachelewa, nani kakaa, na wewe ili umuangalie lazima uinue shingo na jua likupige. Kabla hajafungua mdomo umeshakuwa mdogo. Mi kwa maoni yangu hii ndo kazi kubwa farasi aliyofanya kwenye yale mashamba, kubwa kuliko pipa na kuliko ngano, na haiandikwi kwenye daftari la mapato.

Usiku ikawa hivyohivyo. South Carolina waliweka doria ya farasi kwa sheria mwaka 1704, Virginia wakafuata 1727. Usije ukawaza sungusungu wa kutafuta wezi wa ng'ombe, hawa walikuwa wanazunguka barabara na vibanda vya watumwa kutafuta mtu mweusi aliyetoka bila karatasi ya bwana wake. Babu zetu waliokwenda manamba kwenye mkonge wanajua kipande ni nini, sasa fikiria kipande ambacho ukikutwa huna, unachapwa palepale barabarani usiku na mtu ambaye hata hajashuka kwenye tandiko. Miguu miwili haishindani na minne, na wao walilijua hilo.

Ndo maana sheria ilihakikisha farasi habadilishi upande. Virginia mwaka 1705 iliandikwa kwamba farasi, ng'ombe au nguruwe wa mtumwa wakamatwe wauzwe, na pesa ziende kwa maskini wa parokia. Maskini weupe, tuelewane. Maana yake kabla ya hapo kulikuwa na watumwa waliofanikiwa kuwa na mifugo yao, wangekuwa hawana sheria isingetungwa. South Carolina nao baada ya maasi ya watumwa ya Stono ya 1739 wakatunga sheria kubwa mwaka 1740, na humo ndani mtumwa amekatazwa kufuga farasi. Na ukitaka kujua walikuwa wanaogopa nini angalia Agosti 1831, Southampton, Virginia, mtumwa Nat Turner na wenzake walipoasi. Walianza wachache kwa miguu usiku, lakini kila nyumba waliyoingia walichukua farasi, na ndani ya siku mbili walikuwa watu kama 60 juu ya farasi. Ilizimwa kwa damu nyingi. Ila kwa hizo saa chache, barabara za Southampton ziliona mtu mweusi anamtazama mzungu kutoka juu.

SWALI: Mjomba nakusalimu. Mimi ni mama, niko Chamwino nina punda wanne wa kubeba maji na nawapenda kama wanangu. Nimesoma farasi wa matajiri walikuwa wanapigwa brashi na kulishwa vizuri. Waliokuwa wanawahudumia walikuwa nani, na wao walitunzwaje?

JIBU: Salama dada yangu, na hongera kwa hao punda. Swali lako nililifikiria siku mbili.

Waliowahudumia walikuwa watumwa, kuanzia mtoto wa kubeba maji mpaka saisi mkuu. Mhunzi wa kuwavalisha viatu mara nyingi mtumwa, dereva wa kigari cha bibi mwenye shamba mtumwa, anayeamka saa tisa usiku jike akizaa mtumwa. Hii ilikuwa kazi ya ujuzi. Kujua farasi ana msokoto wa tumbo kabla hajaanza kugaragara, kujua kwato imeanza kuoza kwa harufu tu, kumzoesha lijamu mtoto wa farasi bila kumvunja moyo, haya mambo hayafundishwi na fimbo.

Sasa sikia alichoandika Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa Maryland mwaka 1818 na utotoni akakaa kwenye shamba la Kanali Edward Lloyd linaloitwa Wye House. Kanali alikuwa na farasi wa damu ya juu, na magari ya farasi ya kila aina, matatu makubwa ya kifahari na mengine madogo madogo. Wa kuwahudumia walikuwa wawili, baba na mwana, Barney mzee na Barney mdogo. Na hawa watu, anasema Douglass, hawakuwa na siku ya amani. Farasi akitembea taratibu, kosa la Barney. Akiinua kichwa kidogo, Barney. Nyasi nyingi mno, nyasi chache mno, nafaka imelowa, nafaka imekauka, amepigwa brashi vibaya, Barney. Na sheria ya pale, mtumwa hajibu hata neno moja, anasimama anasikiliza anatetemeka. Douglass alimwona kwa macho yake Kanali akimvulisha kofia Barney mzee, mtu wa kati ya miaka 50 na 60, kichwa kina upara, akampigisha magoti kwenye ardhi ya baridi yenye unyevu, akamchapa mgongoni viboko zaidi ya 30. Kosa, farasi.

Hukohuko, anaeleza watoto wa watumwa walivyokuwa wanalishwa. Unga wa mahindi uliopikwa, unamwagwa kwenye kihori cha mbao kinawekwa chini, watoto wanaitwa kama nguruwe wanakuja mbio, mwenye kaka la chaza anachotea hilo, mwenye kigae cha ubao hicho, wengine mikono mitupu, mwenye nguvu ndo anashiba. Kwa hiyo nyasi za farasi zilipimwa, zikipungua mtu anachapwa, lakini chakula cha mtoto hakuna aliyepima. Dada sina la kuongeza hapo, wewe unayepima pumba za punda wako asubuhi na kuwapimia wanao uji unajua hesabu hii inavyokaa.

Ila niseme na upande mwingine. Mtu anayelala jirani na zizi ana siri. Wenye mashamba walikuwa wanalalamika kila mara kwamba farasi anakutwa asubuhi kachoka, jasho limekauka mgongoni, na usiku alikuwa zizini. Mke yuko shamba jingine maili nane huko, mtu akimaliza kazi saa mbili usiku na alfajiri anatakiwa awepo, kwa miguu haiwezekani. Kwa farasi wa bwana inawezekana. Hakuna tandiko, hakuna viatu, kimyakimya mpaka ukapite mti wa mwisho.

SWALI: Bwana Mjomba, toleo lililopita uliandika "Mwafrika hakuwahi kumjua farasi mpaka alipofika Amerika." Si kweli. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, Kondoa. Jirekebishe.

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Nimejirekebisha, niliandika usiku nikiwa na haraka na niliichukulia Afrika nzima kama Dodoma.

Ukweli ni kwamba Afrika Magharibi ile ya kaskazini, Senegambia, Mali, Uhausa, farasi walikuwepo karne nyingi kabla ya Mzungu kufika pwani. Dola ya Jolof, kwenye Senegal ya leo, ilikuwa na jeshi la wapanda farasi. Na farasi wenyewe walikuwa bidhaa kwenye biashara ya watu, Wareno karne ya 15 walikuwa wanaleta farasi pwani ya Senegal wanabadilisha na binadamu, farasi mmoja kwa watu kadhaa. Kwa hiyo kuna waliovushwa bahari ambao walikuwa wanamjua farasi kuliko huyo aliyewanunua. Waliotoka Kongo na Angola, ambao ni wengi sana, hao farasi kwao alikuwa adimu, walijifunzia kulekule.

Sababu kubwa ya huku kwetu kukosa farasi unaifundisha wewe Mwalimu, mbung'o, na ule ugonjwa mwingine wa farasi unaoletwa na vijidudu vidogo vinavyouma usiku. Ndo maana misafara iliyopita Ugogo kwenda Tabora na Ujiji karne ya 19 ilibebwa na vichwa vya watu, hongo ikalipwa, pembe za ndovu zikasonga mabegani mwa wapagazi. Lakini niongezee hiki, Amerika nayo haikuwa na farasi. Walikuwepo zamani sana, wakatoweka miaka kama 10,000 iliyopita, na walirudishwa na Columbus kwenye safari yake ya pili mwaka 1493. Farasi na mtumwa wote walishushwa kutoka melini.

SWALI: Mi shabiki wa mpira, niko Kikuyu Dodoma. Betting ilikuwepo? Nasikia mbio za farasi zilianza na hao wenye mashamba.

JIBU: Betting ndo ilikuwa yenyewe. Tumbaku ilikuwa pesa kule, basi mtu anaweka tumbaku mezani. Mwaka 1674, York County, Virginia, fundi cherehani anaitwa James Bullock aliingiza farasi wake dhidi ya farasi wa Matthew Slader, dau ratili 2,000 za tumbaku. Mahakama ikamtoza Bullock faini ya ratili 100 kwa sababu mbio za farasi ni mchezo wa mabwana tu, fundi cherehani kafuata nini? Alafu chekesho lake, Slader ambaye alikuwa bwana anayeruhusiwa akakutwa alipanga matokeo, alikubali kuachia ili mwenzake ashinde, naye akafungwa miguu kwenye mbao saa nzima watu wamwangalie. Kupanga matokeo sio kitu cha juzi.

Mbio zenyewe zilikuwa fupi, robo maili kwenye kijia kilichonyooka, farasi wawili tu, na ndo asili ya wale farasi wanaoitwa Quarter Horse. Karne ya 18 matajiri wakaanza kuagiza farasi wa mbio kutoka Uingereza na mbio zikawa ndefu, lakini wanaowapanda na kuwafundisha kusini kule wengi walikuwa watumwa. Mmoja ni Austin Curtis, joki, yaani mpanda farasi wa mbio, na mwalimu wa farasi wa Willie Jones huko North Carolina. Wakati wa vita ya uhuru aliwaficha farasi wa bwana wake wasichukuliwe na Waingereza, na mwaka 1791 bunge la jimbo likampa uhuru. Hebu fikiria, unapewa uhuru wako kwa sababu ulilinda mali ya aliyekumiliki.

Utumwa ulipoisha ule ujuzi ulibaki mikononi mwao. Kentucky Derby, zile mbio kubwa za farasi za kule, ya kwanza ni 1875, majoki 15, weusi 13. Aliyeshinda ni Oliver Lewis juu ya Aristides, na aliyemfundisha huyo farasi ni Ansel Williamson, naye alizaliwa mtumwa. Isaac Murphy akaja kuishinda mara tatu, 1884, 1890 na 1891. Jimmy Winkfield 1901 na 1902. Baada ya hapo joki mweusi hakushinda tena, wazungu walianza kuwabana kwenye kona na kuwachapa viboko humohumo mbioni, wenye farasi wakaacha kuwapa kazi. Mchezo ulishaleta hela, unajua tena.

SWALI: Mjomba, mimi ni mzee mkulima Mvumi, nalima na maksai. Kati ya farasi na nyumbu kazi ya shamba nani zaidi?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Nyumbu, bila kupepesa. Na kwa vijana, simaanishi yule wa Serengeti wala yule mnayetukanana naye mitandaoni, namaanisha mtoto wa punda dume na farasi jike, wengine wanamwita baghala. Anakula kidogo kuliko farasi, joto analivumilia, kwato ngumu. Kasoro yake hazai.

Aliyempigia debe kule ni Washington huyohuyo. Mfalme Charles wa Tatu wa Hispania alimpa zawadi punda dume, akafika Mount Vernon mwishoni mwa 1785, wakambatiza jina la Royal Gift, zawadi ya mfalme. Basi huyo punda wakamletea majike ya farasi, akawa anawaangalia tu. Hana haraka, hana hamu. Washington akaandika barua akitania kwamba labda ni heshima ya kifalme hiyo. Baadaye alichangamka, na Washington anafariki 1799 nyumbu pale walikuwa zaidi ya 50. Karne iliyofuata pamba ilipotapakaa kusini, nyumbu ndo akawa mnyama wa plau, farasi akabaki wa kupandwa.

Na ndo maana Januari 1865, vita ya wenyewe kwa wenyewe inaelekea ukingoni, Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alipotoa amri kwamba ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida igawiwe kwa walioachiwa huru, eka 40 kwa familia, wengine wakapewa na nyumbu waliochoka wa jeshi, watu wakasema eka 40 na nyumbu. Hawakusema na farasi. Walikuwa wakulima, walijua wanachohitaji. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akawa ameirudisha ile ardhi kwa wenyewe wa zamani. Wengi wakaishia kulima kwa kugawana mavuno, nyumbu ni wa kukopa, na deni la nyumbu linakatwa kwenye pamba.

SWALI: Mjomba wewe farasi umewahi kumpanda au unatusomea tu?

JIBU: Mara moja, ufukweni Dar, elfu tano kwa dakika tano. Kijana aliyeshika hatamu alikuwa anatembea kwa miguu pembeni yangu kwenye mchanga wa moto na mimi niko juu nakunja miguu kama kuku. Dakika ya tatu nikamwambia nishushe.